Tunapochungulia Masikio ya Kichanga

Nenda kumwona mzazi popote Nyanda za Juu Kusini, iwe Tukuyu kwenye mvua zake au Kihesa pale Iringa, na kabla chai haijapoa utamwona shangazi mmoja akifunua kitenge na kuchungulia masikio ya kichanga. "Huyu mweusi huyu, mtazameni masikio." Mwenzake atakagua mashina ya kucha na kupinga: atatoka maji ya kunde kama baba yake. Watabishana huku wakicheka, na mama wa mtoto naye atatia neno. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Ila pembeni, kwenye mkeka, amekaa dada wa kichanga mwenye miaka minne, na masikio yake mwenyewe yako wazi. Anajifunza mambo mawili kwa mpigo mmoja: kwamba rangi ya mtu hubadilika, na kwamba ni jambo la kukaguliwa mapema, hata kabla mtoto hajapewa jina.

Jambo la kwanza ni kweli. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na ngozi nyepesi kuliko watakayokuwa nayo wakishaanza kutambaa, kwa sababu seli zinazotengeneza melanini, ile rangi asilia ya ngozi, huzidisha kazi baada ya mtoto kuzaliwa. Jambo la pili ndilo linalonifanya niandike.

Tuna sentensi tunayoipenda sana huku kwetu, hasa kwenye mahubiri na mahafali ya chekechea: watoto hawaoni rangi. Husemwa kwa sauti ya upole, watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Ni sentensi nzuri, na si ya kweli. Mtoto huona rangi mapema sana, huiwekea maelezo, na maelezo hayo huyajenga kwa vifaa anavyovikuta nyumbani. Kwa hiyo si mbaguzi na wala si malaika. Ni mdadisi mwenye ushahidi mchache, na ushahidi mwingi tunaomletea sisi wakubwa ni mbovu.

Tuanze na macho yenyewe. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliowapima watoto wa miezi mitatu nchini Israeli na Ethiopia. Walionyeshwa nyuso mbili kwa pamoja, moja ya Mwafrika na moja ya Mzungu, na watafiti wakapima wanaitazama ipi kwa muda mrefu zaidi. Watoto wa Kizungu wa Israeli walikazia macho nyuso za Kizungu. Watoto wa Ethiopia waliokulia kwao walikazia nyuso za Kiafrika. Kundi la tatu lilikuwa la watoto wa Kiethiopia ambao familia zao zilihamia Israeli, wakawa wanaona watu wa aina zote mbili kila siku. Hawa hawakuelemea upande wowote. Utafiti mwingine uliofanyika Uingereza mwaka mmoja kabla ulionyesha kuwa mtoto aliyezaliwa siku chache tu zilizopita hana upande kabisa. Kwa maneno mengine, jicho huzoea lile linalolishwa, na miezi mitatu inatosha.

Kutazama si kupenda, wala si kuchukia. Ndiyo maana sioni haja ya kuhamaki mtoto wa Makete anapolia kwa kuona mgeni wa Kizungu ameinama kumsalimia. Anaweza kulia vilevile akimwona baba mkubwa mwenye ndevu nyingi ambaye hajawahi kumwona. Kinachonikera ni sisi tunaogeuza kilio hicho kuwa burudani, tukimsukuma mtoto mbele, "mpe mkono mzungu, mpe mkono", huku simu ziko juu zinarekodi.

Baada ya kuona, mtoto huanza kueleza. Hapo ndipo panaponogea.

Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani, Rheta DeVries, alichapisha kazi aliyoifanya kwa kutumia paka mpole aitwaye Maynard. Watoto wa miaka mitatu hadi sita walionyeshwa Maynard, wakakubali kwamba ni paka. Kisha upande wa mbele wa paka ukafichwa nyuma ya kizuizi, mkia ukabaki machoni pao muda wote, naye akavishwa kinyago cha mbwa mkali. Alipotokeza, wengi wa watoto wa miaka mitatu walisema sasa ni mbwa, na kwamba hata ndani ya mwili wake ni mbwa. Wale wa miaka sita kwa sehemu kubwa walijua ni paka yuleyule. Mkia wote waliuona. Tofauti ni kwamba mtoto mdogo hushika sura iliyo mbele yake na kuiachia iamue kila kitu kingine.

Sasa mwulize mtoto wa umri huo kama mtu mweusi anaweza kuwa mweupe kesho. Watafiti wa nchi mbalimbali waliouliza maswali ya namna hiyo wamekuta wengi walio chini ya miaka sita au saba wakikubali kuwa inawezekana. Vitabuni jambo hili hutajwa kama upungufu wa akili changa ambao muda utautibu. Mimi nasita, kwa sababu nikiangalia nyumba zetu naona mtoto ana sababu nzito za kuamini hivyo.

Fikiria anachokiona mtoto wa Mbeya kati ya Mei na Agosti. Asubuhi ya baridi miguu yake imepauka, ina rangi ya majivu. Mama anachota mafuta ya mgando, anapaka, na miguu inakuwa myeusi inayong'aa palepale. Jumamosi anasuguliwa kwa sabuni na jiwe, na anaambiwa, "Ona, ulikuwa mweusi kwa uchafu tu." Mama mdogo anarudi kutoka Dar es Salaam na salamu ya kwanza anayopokea kituoni ni kwamba jua la huko limemchoma. Mjomba amehamishiwa Iringa kikazi, na miezi sita baadaye anasifiwa kuwa baridi imemtakatisha. Dada wa nyumba ya tatu ameanza kutumia mkorogo, na uso umebadilika kabla ya Krismasi, isipokuwa vifundo vya vidole ambavyo vimekataa katakata. Kisha anazaliwa mdogo wake akiwa mweupe, na wiki kadhaa baadaye si mweupe tena.

Mtoto huyo akikwambia kwamba akioga sana atakuwa kama Mzungu, mantiki yake iko sawasawa. Amepanga vizuri mambo tuliyompa. Ukitaka ajibu vingine, mpe mambo mengine ya kupanga.

Na anaweza kuyapanga, kwani akili yake haina upande huo mmoja tu. Mtafiti mwingine wa Marekani, Lawrence Hirschfeld, aliwaonyesha watoto wa kuanzia miaka mitatu picha ya mtu mzima, akawauliza ni yupi kati ya watoto wawili anayeweza kuwa mtu huyo alipokuwa mdogo. Watoto walitegemea rangi kuliko unene wa mwili na kuliko mavazi ya kazi. Yaani hata kabla ya darasa la kwanza, mtoto anahisi kwamba kuna vitu mtu anavivaa, kuna vitu mwili unavipata kwa chakula, na kuna vitu anavirithi kwa wazazi. Mawazo hayo mawili, rangi inayobadilika na rangi inayorithiwa, hukaa pamoja kichwani mwa mtoto bila kugombana. Usicheke sana, kwa kuwa shangazi wa masikio naye anayo yote mawili.

Na ukweli wa kisayansi unakubaliana na wote wawili kwa kiasi. Kila binadamu ana seli za kutengeneza melanini, na idadi yake haitofautiani sana kati ya Mnyakyusa na Mswidi. Kinachotofautiana ni kiasi cha melanini, aina yake, na jinsi vifuko vinavyoibeba vinavyosambazwa kwenye ngozi. Jua huongeza kazi hiyo kidogo, kivuli huipunguza kidogo, lakini kiwango cha msingi hutoka kwa wazazi kupitia vinasaba vingi. Mwaka 2017 timu iliyoongozwa na Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilichapisha matokeo ya kuwapima watu wa Ethiopia, Botswana na hapa Tanzania. Walikuta kwamba tofauti nyingi za vinasaba zinazohusiana na weupe na weusi wa ngozi zina umri wa zaidi ya miaka 300,000, nyingine zaidi ya hapo, na zilikuwapo humuhumu Afrika. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja huko Njombe, mmoja mweusi tii na mwingine maji ya kunde, hawahitaji kutafutiwa Mzungu wala Mwarabu aliyepita kwenye ukoo. Nataja hili kwa sababu minong'ono ya aina hiyo imeshavunja nyumba za watu, na watoto huisikia.

Sasa tuje kwenye daraja, yaani rangi ipi huwekwa juu ya nyingine, maana kuona na kueleza bado si kubagua.

Utafiti unaotajwa kuliko yote ni wa mume na mke, Kenneth na Mamie Clark, waliowapima watoto 253 wa Kimarekani weusi wa miaka mitatu hadi saba kwa kutumia midoli iliyofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Takriban theluthi mbili walimchagua mdoli mweupe walipoulizwa wanataka kucheza na yupi, na wengi wakamtaja mdoli wa kahawia kuwa ndiye anayeonekana mbaya. Kisha wakaulizwa ni yupi anayefanana na wewe, na baadhi yao walilia. Kazi yao ilitajwa Mei 1954 katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani iliyopiga marufuku kutenganisha watoto shuleni kwa rangi. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba watoto weusi wa Kaskazini waliosoma pamoja na weupe walimchagua mdoli mweupe kwa wingi kidogo kuliko wenzao wa Kusini waliosoma peke yao. Kukaa dawati moja hakukutosha.

Mtu atasema hiyo ni Marekani. Haya, mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Afrika Kusini uliohusisha watoto Waxhosa wanaoishi kwenye kitongoji cha watu weusi, ambako wengi ni weusi na Mzungu ni mgeni. Hawakuwapendelea watu wa rangi yao kwenye picha, na katika shule yenye watoto wa rangi mbalimbali, hata watoto weusi waliwapendelea watu weupe. Wingi wa watu wanaofanana na mtoto haukumkinga, kwa kuwa mtoto hahesabu vichwa. Anaangalia nani anashuka kwenye gari gani. Anayekua kandokando ya barabara ya Iringa kwenda Ruaha anaona Wazungu wakipita ndani ya Land Cruiser mwaka mzima, na hajawahi kumwona hata mmoja amebeba kuni. Hakuna aliyemfundisha kitu kwa mdomo.

Hata hivyo, nadhani kwetu tunapoteza muda tukimjadili Mzungu. Daraja la rangi analokutana nalo mtoto wa Mwanjelwa au Mlandege kila siku liko ndani ya nyumba yake, kati ya dada na dada. Mmoja bibi anamwita "mzungu wangu", mwingine anaitwa Cheusi. Majina yote mawili yanatamkwa kwa mapenzi, na ukimwuliza bibi atakuapia kwamba anawapenda sawa, na atakuwa anasema kweli. Lakini wageni wakija, ni yupi anayeitwa aje asalimie kwanza? Harusini, ni yupi anayechaguliwa kubeba maua? Kanisani wakati wa Krismasi, nimeona maigizo ambamo malaika wote walikuwa wasichana weupe wa Sunday school na Shetani alikuwa kijana aliyepakwa masizi usoni ili aivae vizuri nafasi yake. Watoto walishangilia, wazazi wakapiga picha.

Kuna mapendekezo ya kununua midoli myeusi. Sina ugomvi nayo, ila sitarajii makubwa. Wasichana wa vijijini huku wamekuwa na mdoli wao miaka yote: hindi bichi lenye ndevu zake, wanalolifunga mgongoni kwa kipande cha khanga na kulisuka nywele. Ndevu za hindi ni za dhahabu au nyekundu, na hakuna msichana aliyewahi kudhani kwamba mtoto wake ni Mzungu. Mdoli hupata rangi yake kutoka kwenye maneno yanayosemwa juu yake. Ukimnunulia mtoto mdoli mweusi na kisha ukamwambia mdogo wake atoke juani asije akaharibika rangi, atakuwa amesikia ya pili.

Rebecca Bigler, mwanasaikolojia wa Marekani, alifanya jaribio ambalo kila mwalimu mkuu angefaa kulijua. Wanafunzi wa shule ya msingi walivishwa fulana za rangi mbili tofauti. Katika baadhi ya madarasa walimu walizitumia rangi hizo: kupanga viti, kupanga mistari, kuita watoto. Katika madarasa mengine fulana zilivaliwa lakini mwalimu hakuzigusa wala kuzitaja. Baada ya wiki kadhaa, watoto wa madarasa ya kwanza walilipendelea kundi lao, na wale wa madarasa ya pili hawakujali. Mwalimu hakusema popote kwamba fulana hii ni bora. Alizitumia tu.

Nchi hii ilifanya jaribio hilohilo kwa ukubwa wa taifa. Wakati wa ukoloni Tanganyika ilikuwa na mifumo mitatu ya shule: ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika. Pale Iringa, miaka ya 1950, ilijengwa shule ya kifahari ya watoto wa Kizungu, St. Michael's and St. George's, yenye majengo ambayo mtoto wa Kihehe aliyaona kwa mbali tu. Mfumo mmoja wa elimu ulianza Januari 1962, mwezi mmoja baada ya Uhuru. Miezi michache kabla, Oktoba 1961, Nyerere alikuwa ametishia kujiuzulu bungeni kuliko kukubali uraia utolewe kwa rangi ya ngozi. Majengo yale ya Iringa leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, jina ambalo wajenzi wake wasingelichagua. Nasema haya kwa sababu kizazi cha babu zetu kilikua kikiona fulana hizo tatu, na baadhi ya maneno yao kuhusu weupe tumeyarithi bila kuyahoji, pamoja na mashamba na majina.

Kuna matokeo mengine ya utafiti yanayonipa ahueni kidogo. Mwaka 2009 Katherine Kinzler na wenzake walichapisha kazi iliyowapima watoto weupe wa Kimarekani wa miaka mitano. Picha zikiwa kimya, watoto walichagua marafiki wa rangi yao. Picha zilipopewa sauti, wakachagua mtoto mweusi anayezungumza kama wao badala ya mtoto mweupe mwenye lafudhi ya kigeni. Lafudhi iliishinda rangi. Huku kwetu hilo halimshangazi mtu. Mtoto aliyehamia Makambako kutoka Tanga atachekwa kwa namna anavyotamka kabla hajaulizwa lolote kuhusu ngozi yake, na Mzungu anayefungua mdomo na kusema "kamwene", salamu ya wenyeji, sokoni Iringa hupunguziwa ugeni palepale, wakati mwingine pamoja na bei. Mtoto anatafuta nani ni wetu, na rangi ni alama mojawapo tu kati ya nyingi anazozijaribu.

Yote niliyosema hadi hapa yanaweza kubaki mazungumzo ya kahawa. Kuna mtoto mmoja ambaye kwake si mazungumzo.

Makadirio yanayotumika sana yanasema kwamba Tanzania mtu mmoja kati ya takriban 1,400 ana ualbino, ambapo kwa Ulaya na Amerika Kaskazini hutajwa mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Karibu kila mtoto wa mjini Mbeya atakutana na mwenzake mwenye ualbino kabla hajamaliza shule ya msingi, kwenye bajaji, kanisani au darasani. Na swali litatoka, kwa sauti kubwa, kama maswali yote ya watoto wa miaka minne yanavyotoka: "Mama, huyu kaka ameungua?" Au, "Mbona ana nywele za Mzungu lakini anaongea kama sisi?"

Tunajua kinachofuata. Mama anamfinya paja. "Shii! Usimwangalie." Bajaji nzima inatazama barabarani.

Mama huyo anajaribu kuwa na adabu, namwelewa. Lakini angalia mtoto anabaki na nini mkononi. Aliona tofauti, akatoa dhana yake, na jibu alilopata ni maumivu na hofu. Anahitimisha kwamba kile alichokiona ni kibaya kiasi cha kutotajwa. Maelezo yenyewe atayatafuta kwingine, na kwingine anayakuta yanamsubiri: kwamba watu hawa hawafi bali hutoweka, kwamba ni laana, kwamba ni mizimu. Kwenye nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, na ambayo mwaka 2024 mkoani Kagera mtoto mdogo mwenye ualbino, asiyefikisha hata miaka mitatu, aliibwa mikononi mwa familia na kuuawa, maelezo hayo si hadithi za kutishia watoto walale. Na huku Mbeya watu wazima bado wanakumbuka hofu ya wachuna ngozi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tunajua ngozi ya binadamu inapogeuzwa bidhaa mdomoni mwa watu, mwisho wake ni upi.

Jibu la kweli ni fupi kuliko ngano hizo. Mwili wa kaka yule hautengenezi rangi ya kutosha, alizaliwa hivyo, jua linamuunguza haraka kuliko wewe, na macho yake yanasumbuliwa na mwanga. Haambukizi. Mtoto wa miaka minne analielewa hilo, kwa sababu ni sababu na tokeo, aina ya maelezo anayoyapenda kuliko yote. Wimbo wa "sisi sote ni sawa" ambao chekechea nyingi za mjini zimeubandika ukutani pamoja na michoro ya watoto walioshikana mikono haumsaidii. Anaona kabisa kwamba wao si sawa: mmoja anaungua na mwingine haungui. Ukimwambia ni sawa atadhani humsikilizi.

Nyanda za Juu zina mtego wake hapa. Mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi. Baridi haiipunguzi mionzi hiyo. Lakini sisi jua tunalipima kwa joto. Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino huadhimishwa Juni 13, wakati huku kila mtu amejikunyata ndani ya sweta, na mtoto mwenye ualbino amesimama paredi kichwa wazi kwa sababu kofia si sehemu ya sare. Hakuna anayeona hatari kwa kuwa hakuna anayetoka jasho. Saratani ya ngozi haingoji joto. Mafuta maalumu ya kuzuia jua yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino yapo, lakini kofia pana na mikono mirefu vinapatikana hapa Kabwe, Mbeya, leo hii, na ruhusa ya kuvivaa haigharimu kitu.

Halafu kuna ubao. Ualbino huja na uoni hafifu, na miwani hairekebishi tatizo lote. Mtoto akikaa nyuma hasomi kitu. Akiletwa mbele bila maelezo, wenzake wanafanya kile walichofanya watoto wa fulana: wanamwona mwalimu amemtenga mtu kwa rangi, na wanajitungia sababu. Mwalimu anayesema mbele ya darasa, "Amekaa hapa kwa sababu macho yake hayafiki mbali, kama ambavyo Juma amekaa mbele kwa sababu ni mfupi", amelimaliza jambo kwa sekunde kumi. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba chuki za kimakundi hupanda kati ya umri wa miaka miwili na saba, kisha hushuka kidogo. Kwa mfumo wetu, mwisho wa kipindi hicho cha kupanda ndio umri wa darasa la awali na la kwanza, madarasa ambayo mara nyingi tunampa mwalimu mgeni kuliko wote na watoto wengi kuliko wote.

Na mwalimu ajiandae, kwa sababu swali moja huzaa jingine. Akieleza kwamba ualbino hutoka kwa baba na mama wote wawili, kila mmoja akiwa amebeba nakala moja ya kinasaba bila kuonyesha dalili yoyote, na kwamba kila mimba ya wazazi kama hao ina nafasi moja kati ya nne, mtoto fulani wa dawati la tatu atauliza: "Na mimi ninacho, ticha?" Jibu la uaminifu ni kwamba inawezekana. Kama mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, hesabu ya kawaida ya urithi inatoa karibu mtu mmoja kati ya 19 aliyebeba nakala hiyo moja. Katika darasa la awali lenye watoto 60 pale Ilomba, ni watatu hivi. Masikio hayawezi kukuonyesha ni akina nani, na ticha mwenyewe anaweza kuwa wa nne.